Tyuna ya USB kwenye Linux: nilipoteza 35,000 ili wewe usipoteze

Juzi niligusia hapa kwamba kompyuta kuukuu inaweza kugeuzwa TV ya dukani, bila bando na bila king'amuzi, na tangu siku hiyo naulizwa vipi. Leo nimekaa nalieleza lote, pamoja na pale nilipochemka. Hasara yangu ilitokana na jambo dogo ambalo mtu akikwambia ni dakika moja tu. Mie hakuna aliyenambia.

Nina kibanda changu Mkunazini: fotokopi, kuchapa barua, picha za pasi, kuskani vyeti vya watoto wa skuli. Kompyuta zangu zote ni Linux Mint. Si kwamba mimi mtaalamu, hapana. Wateja wanakuja na flashi zimejaa virusi, na zamani kila baada ya mwezi nilikuwa namlipa fundi anipigie Windows upya. Nilipohamia Linux gharama hiyo ikakatika, basi nikajifunza kidogo kidogo.

Jirani yangu ni Bi mkubwa mmoja, anauza urojo jioni. Mwezi wa kumi na mbili alinijia. "Mwanangu, Kombe la Mapinduzi linakuja. Wateja wangu wanakula mbio mbio wamesimama, wakakimbilia kwa mwenye TV. Na yeye siku hizi kaanza kuuza urojo. Nitafutie kitu." Hapo hapo alikuwa anataka kompyuta ya kuwekea hesabu zake, mjukuu wake amfundishe. Nikamwambia mama, vyote viwili nakupa kwa kitu kimoja: kompyuta iliyotumika, skrini yake, na kidude cha kushikia TV. Tukapatana 260,000. Akanipa 100,000 ya mwanzo, noti za elfu elfu na mbili mbili zimefungwa kwa raba, zinanuka ukwaju. Nawaambia haya mujue ile ilikuwa pesa ya namna gani.

Sasa kitu chenyewe. Tyuna ya USB ni kidude mfano wa flashi. Upande mmoja unachomeka kwenye kompyuta, upande wa pili kuna kitundu cha waya wa antena. Kazi yake kudaka mawimbi ya TV yanayorushwa hewani kutoka kwenye milingoti, yale yale yanayodakwa na king'amuzi cha antena, na kuikabidhi kompyuta picha na sauti. Intaneti haihusiki hata kidogo. Bando likiisha, TV iko pale pale.

Nikaenda duka moja mjini nikaona kimoja, boksi lake zuri limeandikwa TV ya dijitali, 35,000. Muuzaji kaniapia kinafanya kazi. Nikalipa bila kukijaribu. Nilipofika kwangu nikachomeka, Linux ikakitambua mara moja, taa ikawaka, nikafurahi kweli. Nikasachi. Hakuna stesheni hata moja. Nikatoa antena yake ndogo nje ya dirisha, hakuna. Nikapanda nayo juu ya paa na laptop saa tano usiku, hakuna. Siku tatu ziliniishia hivyo, nikiamini tatizo ni Linux.

Tatizo lilikuwa herufi moja na namba moja. TV ya dijitali ya antena ina vizazi viwili. Cha kwanza kinaitwa DVB-T, cha miaka ya 1990. Cha pili ni DVB-T2, kiwango kilichotoka mwaka 2009, kinabeba stesheni nyingi zaidi kwenye masafa yale yale. Nchi za SADC, na Tanzania ikiwemo, zilikubaliana mwaka 2010 kutumia DVB-T2. Dar es Salaam wakazima mitambo ya zamani ya analojia usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, na huku kwetu kazi ya kurusha dijitali ikawa ya ZMUX. Kwa hiyo mawimbi unayoyataka ni ya T2. Tyuna ya T peke yake hayasikii kabisa. Si kwamba inayasikia kidogo, au kwamba ukipata antena kubwa itayasikia. Haiyasikii, na hakuna programu ya kuitengeneza, maana kinachokosekana ni chipu yenyewe. Ulaya walianza na T, ndiyo maana soko limejaa vidude vya T vya bei rahisi, na vingine vinaletwa huku na watu ambao wao wenyewe hawajui.

Kujua umeshika kipi ni amri moja tu. Fungua terminali, chomeka kidude, andika:

lsusb

Utaona orodha ya vitu vyote vilivyochomekwa, kila kimoja na namba zake mbili zenye nukta mbili katikati. Changu kilisoma 0bda:2838, Realtek. Hiyo ni chipu inayoitwa RTL2832U, na hiyo ni T peke yake. Ukiiona namba hiyo dukani, kirudishe kwenye boksi hata kama nje kumeandikwa T2 kwa wino wa dhahabu. Kilichonifaa baadaye kilisoma 15f4:0131, jina lake Astrometa. Ndani yake kuna chipu ya Realtek kama ile, lakini imeongezwa ya pili, ya Panasonic au ya Sony, na hiyo ya pili ndiyo inayoijua T2. Wapo pia wenye chipu ya Si2168, nayo inaijua T2, kama baadhi ya vidude vya Hauppauge.

Usiende kununua mikono mitupu basi. Nenda na laptop yako. Kama laptop yako ni Windows, tengeneza flashi ya Linux Mint inayowaka bila kusakinishwa, iwashie pale pale dukani, chomeka kidude, andika lsusb. Muuzaji asiyekubali kidude chake kichomekwe, mwambie ahsante, toka. Mie niliporudi na changu nikaambiwa kimeshafunguliwa. Sikugombana. Boksi nililifungua mwenyewe.

Hapo nikafanya jambo ambalo sikulipenda lakini nashukuru nililifanya. Nikaenda kwa Bi mkubwa kabla hajaniuliza. Nikamwambia mama, nimenunua kitu sicho, kosa langu, hasara yangu, pesa yako ipo, lakini siku ulizotaka sitoziwahi zote. Akaniangalia. "Mechi za mwanzo hazina watu," akasema, "nipatie nusu fainali." Akaniwekea bakuli. Kuna wateja wa namna hiyo, na kuna wa namna nyingine; ila hata yule wa namna nyingine ni bora umwendee wewe kuliko akufuate yeye mbele ya watu.

Binamu yangu yuko Kariakoo. Nikampa namba, 15f4:0131, nikamwambia usiniletee chengine. Akakipata kwa 70,000, akakitia kwenye boti, mzigo 5,000. Kesho yake mchana ninacho mkononi.

Nikichomeke sasa, na hapa munifuate taratibu, kwa sababu kidude kilikuwa sahihi na bado nilipoteza usiku mbili.

Kwanza angalia kama Linux imekipokea:

sudo dmesg | grep -i dvb

Mistari mingi itatoka. Wewe tafuta panapotajwa frontend 0 na frontend 1. Kwenye kidude hiki ziko mbili kwa sababu chipu ziko mbili. Frontend 0 ni Realtek, ile ya T. Frontend 1 ni ile nyengine, ya T2. Sasa programu karibu zote, usipoziambia kitu, zinakwenda kwenye 0. Yaani nimenunua kidude cha T2 halafu nasachi kwa sikio lake la T! Matokeo yale yale ya mwanzo: hakuna stesheni. Nilitaka kulia wallahi. Nikajiambia nimetapeliwa mara ya pili, nikaanza kumtumia binamu ujumbe mkali, bahati nzuri sikuutuma.

Kama chipu ya pili ni ya Panasonic kuna pingamizi moja zaidi. Chipu hiyo haina akili yake mwenyewe inapowashwa, inasubiri kompyuta iimwagie faili dogo la kuiamsha. Linux nyingi haziji na faili hilo. Ukiandika sudo dmesg | grep mn88473 na ukaona imeshindwa kulipata dvb-demod-mn88473-01.fw, basi ndilo hilo. Watu wa LibreELEC wamekusanya mafaili ya aina hiyo kwenye ukurasa wao wa GitHub unaoitwa dvb-firmware. Lishushe, liweke kwenye folda la /lib/firmware kwa sudo, chomoa kidude, chomeka tena. Ya Sony haihitaji faili lolote. Cha Si2168 nacho kinataka faili lake, na njia ni hiyo hiyo.

Halafu sakinisha programu:

sudo apt install dvb-tools mpv

Kusachi kunahitaji orodha ya masafa ya kujaribu. Badala ya kuhangaika kuulizia masafa ya huku kwetu, jaribu yote. Chaneli za UHF zimepangwa kwa hatua ya megahezi 8, ya 21 iko 474, ya 22 iko 482, na kuendelea. Mstari huu unatengeneza orodha nzima. Uandike kama ulivyo, wote kwa pamoja:

for k in $(seq 21 60); do echo "[C$k]"; echo "FREQUENCY = $(( (306 + 8*k) * 1000000 ))"; echo "BANDWIDTH_HZ = 8000000"; echo "DELIVERY_SYSTEM = DVBT2"; done > unguja.txt

Kisha sachi, na usisahau ile -f 1, ndiyo iliyonikosesha usingizi:

dvbv5-scan -f 1 -o stesheni.conf unguja.txt

Itapita chaneli moja moja. Penye kitu itaandika Lock, halafu majina ya stesheni yataanza kushuka. Kama kidude chako kina frontend moja tu, andika -f 0. Ikikataa kwa kusema huna ruhusa, jiingize kwenye kundi la video kwa sudo usermod -aG video $USER, toka kwenye akaunti yako na uingie tena.

Kuangalia stesheni kunataka madirisha mawili. La kwanza linashika stesheni, na jina uliandike hasa kama lilivyo ndani ya stesheni.conf, herufi kubwa na ndogo:

dvbv5-zap -f 1 -c stesheni.conf -r "JINA LA STESHENI"

La pili linaonyesha:

mpv /dev/dvb/adapter0/dvr0

Bi mkubwa hawezi kuandika hayo kila jioni, na hana haja. Nilimwekea mistari hiyo miwili ndani ya faili moja kwa kila stesheni, nikatengeneza alama kwenye skrini, akibonyeza mara mbili inafunguka. Mjukuu wake ndiye aliyechagua picha za alama. Wenye kutaka kurusha TV kwenye skrini kadhaa au simu ndani ya jengo moja kwa Wi-Fi, kuna programu inaitwa Tvheadend, unaiendesha kwa kivinjari kwenye mlango namba 9981. Hiyo ni somo lake peke yake, na kwenye duka dogo huihitaji.

Tuje kwenye antena, na hapa ndipo mafundi wengi wa Mji Mkongwe tunapoaibika mbele ya wateja. Ile antena ndogo ya sumaku inayokuja ndani ya boksi, wape watoto wachezee. Nyumba zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta unaweza kuwa mpana kuliko mkono wako, vichochoro vyembamba, na mtaa mzima umebanana. Mawimbi yanafika juu ya mapaa vizuri tu. Chini kwenye baraza hayafiki. Pale kwa Bi mkubwa, ndani hakukuwa na Lock hata moja. Tukapandisha antena ya UHF juu, mita 20 za waya, na stesheni zikaingia bila hata busta. Waya uwe wa TV, wa omu 75, usiunge unge kwa kusokota. Kitundu cha kidude ni kidogo, kinataka kiungo cha kugeuzia kutoka kwenye plagi ya kawaida ya antena. Angalia kama kimo ndani ya boksi kabla hujaondoka dukani.

Antena uielekeze wapi? Tizama za majirani wenye picha nzuri, zinaangalia wapi, na vijiti vyake vimelala au vimesimama. Vya kwako viwe vivyo hivyo. Halafu kaa na laptop pale juu, acha dvbv5-zap iendelee, inaandika nguvu ya mawimbi na ubora wake, kile kinachoandikwa C/N. Geuza antena pole pole, subiri kidogo kila unapogeuza. Angalia C/N zaidi kuliko nguvu. Busta inaongeza nguvu pamoja na takataka zake, ukiona nguvu imejaa na picha inakatika ndiyo sababu. Siku nyengine za joto, bahari ikiwa shwari, unaweza kudaka na mawimbi ya mbali ya upande wa Bara. Furahia, ila usimwahidi mteja. Kesho upepo ukibadilika hazipo, na wewe ndiye utakayepigiwa simu.

Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Kabla hujatoboa ukuta au kutundika kitu upande wa mbele wa nyumba, muulize mwenye nyumba, kisha ulizia kwa Mamlaka ya Mji Mkongwe. Sisi tuliifunga kwa nyuma, kwenye mlingoti uliokuwepo zamani, labda wa enzi za TVZ. Kwa wasiojua, Zanzibar tulikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, wenzetu wa Bara wakasubiri mpaka miaka ya 1990. Wazee wakikukuta juu ya paa unahangaika na antena, kila mmoja ana hadithi yake ya zamani, na kila mmoja anajua ielekee wapi.

Na kompyuta yenyewe? Yoyote iliyotengenezwa baada ya mwaka 2010 hivi inatosha kwa stesheni za kawaida. Kidude kichomeke nyuma ya kompyuta si mbele, maana matundu ya mbele ya mashine kuukuu mara nyingi umeme wake dhaifu na kidude kinazima zima. Kinapata moto kikifanya kazi, hilo ni la kawaida, lakini usikifunike. Tumia kiwaya kifupi cha USB kining'inie kwenye hewa. Mezani kwa Bi mkubwa kuna mvuke wa sufuria, kwa hivyo kompyuta nzima niliipandisha kwenye rafu.

Stesheni nyengine zitaonekana kwenye orodha lakini ukifungua ni giza tupu. Hizo zimefungwa, ni za wanaolipia ving'amuzi. Tyuna haizifungui na wewe usitafute mbinu za kuzifungua, biashara yako itafungwa kabla yake. Muulize mteja mapema anataka kuangalia nini. Kama anataka ligi za Ulaya, mwambie ukweli kwamba akalipie king'amuzi, na usimuuzie tyuna. Na ukishaweka TV mahali pa biashara, nenda COSOZA uulize kuhusu leseni ya kuonyesha hadharani, hasa kama unafikiria kutoza kiingilio. Bi mkubwa hatozi kitu, anauza urojo wake tu, lakini nilimpeleka akaulize mwenyewe asikie kwa masikio yake.

Tupige hesabu sasa, maana ukurasa huu ni wa biashara. Kompyuta na skrini nilizinunua 130,000. Tyuna ya mwanzo 35,000, ya pili 70,000, mzigo wa boti 5,000. Antena 18,000, waya 20,000, viungo na tepu 4,000. Jumla 282,000. Nilimuuzia 260,000. Nimekula hasara ya 22,000 na usiku wangu tano. Lakini tizama vizuri: hata bila ile tyuna ya mwanzo ningepata faida ya 13,000 tu, kwa kazi ya kupanda mapaa. Yaani kosa la 35,000 lilinifanya nisione kosa la pili, kwamba bei niliitaja nikiwa nimekaa kwenye kiti changu. Sikujua antena itapanda mpaka wapi, sikujua waya mita ngapi, nikasema 260,000 kwa sababu ilisikika vizuri.

Siku hizi sitaji bei kabla ya kupima. Nakwenda kwa mteja na laptop, tyuna, antena na waya mrefu, nasachi mbele yake, nampa stesheni alizoziona kwa macho yake. Kupima ni 10,000, akikubali kazi namkatia. Kisha bei inakuwa mafungu mawili: mashine na tyuna bei moja, antena na kufunga bei nyengine kwa mita. Kazi moja ya Bububu ilimalizika kwa saa mbili, pale nyumba ziko wazi, antena iliishia kwenye dirisha la juu. Nyengine ya Shangani niliikataa. Duka liko chini kabisa, ua umezungukwa na ghorofa pande zote, na mwenye nyumba hataki waya upite kwake. Nilichukua 10,000 yangu ya kupima nikamshauri anunue king'amuzi cha dishi, akiruhusiwa pa kulifunga. Kanishukuru, na ndiye aliyenipeleka Bububu.

Ukiwa na TV ya kisasa nyumbani, angalia nyuma yake au kwenye kitabu chake kabla ya kuja kwangu. Nyingi zinazouzwa sasa zina T2 ndani tayari, chomeka antena tu. Tyuna ya kompyuta inamfaa mtu ambaye mashine inawaka kutwa kwa kazi nyengine, kama mimi na fotokopi zangu. Kuwasha kompyuta nzima kwa ajili ya taarifa ya habari peke yake utaijua TUKUZA inavyokwenda mbio.

Nusu fainali tuliiwahi. Picha ilikwama mara moja, dakika za mwisho, watu wakapiga kelele, na nilipopanda juu nikakuta kiungo cha antena kimelegea, upepo tu. Tangu hapo navizungushia viungo vyote tepu ya mpira inayojishika yenyewe, na kila masika yakikaribia napanda kuviangalia, kwa sababu chumvi ya bahari huku inakula shaba kwa miezi michache. Bi mkubwa alinilipa 160,000 iliyobaki yote, hakukata hata shilingi kwa kuchelewa. Yule mwenye TV mwenzake bado anauza urojo. Bi mkubwa anasema wake una maji mengi.

Ile tyuna ya 35,000 ninayo bado, na nimeipatia kazi. Mwaka 2012 watu wa Linux, Mfini mmoja anaitwa Antti Palosaari akiwa miongoni mwao, waligundua kwamba chipu hiyo ya RTL2832U inaweza kuipa kompyuta mawimbi yakiwa mabichi, na kompyuta ikayafanya redio ya masafa mengi. Palosaari huyo huyo ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya programu za Linux zinazoendesha vidude hivi, pamoja na ile ya chipu ya Panasonic. Nimesakinisha Gqrx, nasikilizia redio ya FM pale dukani asubuhi nikisubiri wateja. Sauti yake safi. Ila ni redio ya 35,000, na mtaani kuna redio za 15,000 zenye tochi.